Ushanga Ndani ya Sanduku la Anyesi

"Mtoto akilala ndani ya kufuli la mtu mwingine, siku ukimwita atasikiaje?"

Swali hilo aliliuliza Bi Stara wa Zuzu. Alimuuliza jirani yake Yudith, juma lile Yudith alipokuwa akimfungasha binti yake Loisi aende bweni la wasichana kwenye misheni ya Isalanga, ng'ambo ya Mpwapwa. Naye Yudith, mjane asiye na ng'ombe wala kaka wa kumsemea, alicheka tu.

"Nitamtumia ushanga wangu wa ndoa," alijibu. "Ushanga hauzuiwi na kufuli. Akiuona atajua naondoka duniani, atakuja."

Tumelijuaje hilo? Kwa sababu Yudith alilisimulia mwenyewe langoni pa Isalanga, siku aliyomkabidhi mtoto. Na aliyesimuliwa alikuwa Anyesi, mshika funguo wa bweni. Yudith akamshika mkono akamwambia: "Basi mwanangu, wewe ndiye utakuwa masikio yake."

Sasa turudi tulipoachana Jumamosi iliyopita, msomaji wangu. Anyesi alikuwa barazani akishona, akamtuma Loisi sindano ndani ya sanduku lake la bati. Loisi alikuwa ameshapotea kwenye kona Anyesi alipokumbuka kuna nini chini ya sindano. Akatupa nguo. Akakimbia.

Akachelewa.

Loisi alikuwa amepiga magoti sakafuni, sanduku wazi mbele yake, kitambaa cheusi cha kaniki kimefunguliwa mapajani. Mkononi alishika ushanga mwekundu, nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja. Hakulia. Hakupiga kelele. Aliinua macho tu.

"Dada Anyesi, shikamoo ya asubuhi nimeshakupa. Sasa nijibu. Huu ni wa nani?"

"Wangu."

"Wako?"

"Nimeununua kwa Wahindi, pale Mpwapwa. Uweke. Nani kakuambia ufungue vitambaa vya watu? Nimekutuma sindano!"

"Wahindi wa Mpwapwa wanauza ushanga wenye mbegu katikati?"



Loisi akauinua ushanga kwenye mwanga wa mlango. Katikati ya chembe nyekundu palikuwa na mbegu moja nyeusi ya porini, imetobolewa.

"Uzi huu niliukata mimi, nikiwa mgongoni mwa mama. Chembe moja ikapotea kwenye vumbi, mama akatia mbegu hii badala yake. Kila nikikosea alinionyesha. Aliniambia, huyu hapa Loisi wangu, mweusi peke yake. Dada, usiniambie habari za Wahindi."

Bwenini walikuwamo wasichana wanane waliokuwa wakikunja blanketi. Mikono yote ilisimama.

Katika bweni la Isalanga wasichana wa mwaka wa kwanza waliitwa kuku wageni. Walilala karibu na mlango, penye upepo na vumbi, juu ya ngozi. Walichota maji, walisaga uwele, walifagia, na kila wakijikwaa wenzao waliwaambia, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni." Siku ya kuingia walinyolewa nywele, na shanga zao zote zikafungiwa kabatini kwa Bibi, mkuu wa bweni. Na kamba yenyewe ya mguuni ilikuwa hii: wa mwaka wa kwanza hatoki nje ya boma mpaka Krismasi. Akivumilia, anapewa kitanda, na jina lake linachongwa kwenye nguzo ya kitanda. Akitoka hata siku moja, nafasi yake inakwenda kwa mwingine.

Krismasi ilikuwa imebaki majuma matatu.

Kati ya hao kuku wageni alikuwamo mmoja jina lake Ruthu, ambaye Mungu alimnyima kimo akamzidishia ulimi. Ruthu akapiga kofi mapajani.

"Ahaa! Basi ni yule mwenye kanzu!"

"Ruthu, nyamaza," Anyesi akasema.

"Yule mwanamume wa kanzu na kofia, Dada, aliyekuja siku tulipofua blanketi! Mimi nilimwona, nilikuwa juu ya kichuguu naanika. Alikupa kitu kwenye kitambaa cheusi. Nikawaambia wenzangu, leo Dada Anyesi kaletewa posa na Mwislamu, tutakula pilau!"

Hakuna aliyecheka.

"Siku ya kufua blanketi," Loisi akasema polepole, akihesabu kwa vidole. "Ijumaa ile. Leo Jumamosi. Siku nane."

Akasimama.

"Siku nane mama yangu ananiita, Dada, na wewe umemfungia kwenye sanduku!"

Anyesi alinyoosha mkono amshike. Loisi alipita chini ya mkono huo kama mbuzi anayepita chini ya uzio, akatoka mbio kwenda nyumba ya Bibi. Ushanga ulikuwa ukining'inia ngumini mwake, mbele ya macho ya boma zima.

Anyesi akamfuata. Afanye nini tena?

Bibi aliyetawala bweni la Isalanga wasichana walimwita Bibi Saa. Alikuwa na saa ya fedha kifuani, na kila jambo alilipima kwayo: sala, uji, kuoga, hata kucheka. Hakuwa mtu mbaya. Msichana mmoja alipougua ndui alimlaza chumbani mwake mwenyewe. Ila alikuwa ameahidi kwa wakubwa wake, na kwa bwana Mdachi, mkuu wa Kijerumani wa boma la serikali, pia, kwamba nyumba yake itakwenda kwa sheria. Na sheria zake zote zilikaa kwenye daftari.

Loisi alikuwa ameshapiga magoti mbele ya meza.

"Bibi, naomba ruhusa. Mama yangu anakufa."

"Nani amekuletea habari?"

"Huu, Bibi." Akaweka ushanga juu ya meza. "Kwetu mama hafungui ushanga wake wa ndoa bure. Akiutuma ana maana moja tu, njoo kabla sijaondoka. Gari la moshi la kwenda Dodoma linapita Gulwe jioni hii. Nikitoka sasa hivi nitaliwahi."

Bibi alitazama ushanga, akatazama saa, akafungua daftari la wageni. Kidole chake cheupe kikashuka mstari kwa mstari, kikasimama.

"Hapa. Ijumaa. Rehani, mtu wa Zuzu, mgeni wa Loisi. Habari za nyumbani." Akageuza daftari ili Loisi asome mwenyewe. "Soma."

Loisi alisoma kwa taabu, herufi moja moja, maana ndiyo kwanza alikuwa amejifunza.

"Nje-ma."

"Njema," Bibi akasema. "Loisi, kila mwaka mwezi kama huu msichana wa mwaka wa kwanza huja hapa akaniambia mama anakufa. Nawaonea huruma. Kukumbuka nyumbani ni ugonjwa, nao unapona. Lakini daftari halikumbuki nyumbani. Daftari limeandika njema."

"Rehani ni mtoto wa Bi Stara, jirani yetu! Bibi, hakuja toka Zuzu kuniambia njema! Dada Anyesi, mwambie! Wewe ndiye uliyeandika. Mwambie!"

Saa ya Bibi ilisikika ikitembea. Anyesi alisimama kizingitini, bunda la funguo limemtulia kiunoni.

Na tazameni jambo hili. Anyesi hakuandika uongo. Hilo ndilo lililokuwa likimtafuna siku nane.

Kwa watu wetu, mgeni hamwagi habari akiwa amesimama. Ukimuuliza, husema njema, hata kama mikono yake bado ina udongo wa kaburi. Akishapewa kigoda, akishakunywa maji, ndipo husema "ila". Na habari yenyewe iko nyuma ya hiyo ila. Mtoto mdogo anajua hivyo. Lakini Bibi aliweka sheria kwamba mgeni wa bweni asimame nje ya lango, aulizwe habari, ajibu, jibu liandikwe, aende zake. Hakuna kigoda, hakuna maji.

Ijumaa ile Rehani alikuja na vumbi la safari mpaka kwenye kope. Anyesi akamuuliza habari. Rehani, mtu wa adabu, akasema, "Njema, namshukuru Mungu," akatoa kile kitambaa cheusi, kisha akatazama huku na huku akitafuta pa kukaa. Anyesi alikiona kitambaa. Alikigusa, akajua. Naye akasema, "Ahsante, nitampa," akafunga lango. Ila ya Rehani ikabaki nje.

"Anyesi," Bibi akasema, "huyu mtoto anasema kweli?"

Msomaji wangu, kama Anyesi angejibu wakati ule ule, labda tungekuwa na hadithi nyingine. Hakujibu. Alitazama sakafu.

"Basi, Loisi, rudi bwenini," Bibi akasema kwa upole. "Tutamwombea mama yako wakati wa sala."

Loisi hakuondoka. Aliinama mpaka paji la uso likagusa udongo wa sakafu, kichwa chake kilichonyolewa kikaonekana kidogo, kama cha mtoto anayebebwa.

"Dada," alisema palepale chini. "Usiku ule wa kwanza nilipolia ulinipa blanketi lako. Uliniambia, mimi ni mama yako wa hapa. Mama wa hapa, mwambie Bibi kuhusu mama wa kule."

Hapo Anyesi akavunjika.

"Ni kweli, Bibi." Sauti haikuwa yake. "Ushanga ulikuja Ijumaa. Niliuficha mimi. Nilijua maana yake."

Bibi akafunga daftari taratibu. "Kwa nini?"

"Kwa sababu ya kitanda."

"Kitanda?" Loisi aliinua uso.

"Mimi nilikuwa kuku mgeni kama wewe," Anyesi akasema. Sasa hakuwa akizungumza na Bibi tena. "Nikaitwa kwetu, upande wa Kongwa. Mama mgonjwa. Nikatoroka. Nilitembea siku mbili, nikakuta wameshamzika, udongo umeshakauka. Niliporudi, mwingine yuko juu ya ngozi yangu. Nilisaga uwele jikoni kwa misheni miaka miwili, Loisi, miaka miwili nawasikia wenzangu wanasoma dirishani, kabla ya kupokewa tena. Nilipoteza mama, nikapoteza na nafasi. Nilipouona ushanga nikasema moyoni, Zuzu ni mbali, mtoto huyu hatamkuta mama yake hai. Heri asipoteze vyote viwili. Zimebaki siku ishirini na kitu tu. Apate kitanda kwanza, nguzo ichongwe jina, ndipo nimpe. Ndugu za baba yako wanakungoja huko na mzee wao mwenye ng'ombe, wakuoze. Nilikuwa nakulindia kitanda."



"Umenilindia kitanda," Loisi akasema.

"Nilitaka…"

"Mimi sikukuomba kitanda. Dada, ungeniuliza. Ungesema tu, mama au kitanda? Ningekujibu kabla hujafunga mdomo." Machozi yalikuwa yakishuka sasa, lakini sauti ilikuwa imara, na hiyo ilimuuma Anyesi kuliko matusi. "Wewe ulimkuta mama yako amezikwa. Hukumkuta. Sasa umenifanyia nini? Umenipa yaleyale yako."

 

Bibi Saa alisimama. Kwa mara ya kwanza tangu wamjue, hakuitazama saa.

"Loisi, nenda. Kuhusu kitanda siwezi kuahidi. Sheria hiyo si yangu peke yangu. Lakini nenda. Nitakuandikia cheti wakupokee stesheni."

Aliichukua kalamu. Hakuifikisha kwenye wino.

"Bibi! Bibi!" Ruthu aliingia bila hodi, pumzi juujuu, kanga inaburuta. "Yule wa kanzu! Amerudi! Yuko langoni, Bibi, amechoka, macho mekundu kama amelia!"

Loisi alikamata ukingo wa meza.

"Mlete hapa," Bibi akasema. "Hapa ndani."

Rehani aliingia, kofia mkononi. Kijana wa miaka kama thelathini, kibarua wa reli, mabega mapana yaliyozoea kubeba mataruma. Kanzu yake ilikuwa na doa jeusi la jasho begani, kama mtu aliyebeba mzigo mzito mwendo mrefu. Alipomwona Loisi, akainamisha macho.

Jambo hilo Loisi aliliona. Anyesi pia aliliona.

"Kaa," Bibi akasema, akasukuma kiti chake mwenyewe. "Anyesi, mletee mgeni maji. Leo nataka nisikie habari yote, mpaka mwisho wake."

Anyesi alichota maji mtungini kwa mikono yake. Alimpa Rehani kwa mikono miwili, amepiga goti, kama alivyopaswa kumpa Ijumaa ile langoni.

Rehani alikunywa. Ee Mungu, alivyokunywa taratibu! Alikunywa kama mtu mwenye adabu anavyokunywa kwa watu, funda moja, akapumzika, funda la pili. Akafuta ndevu kwa kiganja. Akaweka bakuli chini.

"Habari za Zuzu?" Bibi akauliza.

"Njema, Bibi. Namshukuru Mungu. Njema kabisa." Akavuta pumzi. "Ila…"

Loisi hakungoja.

Ile ila ilimwingia kama mkuki. Mgeni mwenye macho mekundu, asiyekutazama usoni, anayesema njema kabisa kisha ila, ni mgeni wa msiba, nani asiyejua? Aliuokota ushanga mezani, akauvaa shingoni mbele ya Bibi na sheria zake zote, akageuka. Alimpita Rehani. Alimpita Ruthu. Alipompita Anyesi mabega yao yaligusana, na hakusema kitu.

Rehani alinyamaza kwa heshima. Alidhani binti anatoka barazani alie, kama ilivyo desturi, atarudi. Alingoja kidogo. Alimsikia mlinzi wa lango akiuliza jambo, kisha lango likalia kwenye bawaba zake.

"Malizia," Bibi akasema kwa sauti ya chini. "Amefariki lini?"

Rehani akamtazama kwa mshangao.

"Amefariki nani, Bibi?"

"Mama yake."

"Hajafariki! Ila yangu si hiyo!" Akainuka, kiti kikaanguka nyuma yake. "Ila hayuko Zuzu, ndilo nililotaka kusema! Alingoja siku tano, mtoto haji. Akasema, kama ushanga haukufika, nitafika mimi. Mama yangu alimkataza, sisi sote tulimkataza. Hakusikia. Tumempakia kwenye gari la moshi, na toka Gulwe tumembeba kwa machela, mimi na wenzangu watatu wa reli. Yuko hapa chini, karibu na soko, nyumbani kwa Mwanahawa muuza chumvi. Hawezi kupanda mlima huu. Kila akifumbua macho anauliza, amekuja? Nimekuja kumchukua mtoto, Bibi. Na tusikawie, maana pumzi zake sasa nazihesabu."

Anyesi alikuwa ameshafika barazani.

Lango lilikuwa wazi. Upepo wa kiangazi ulikuwa ukipeperusha vumbi jekundu juu ya uzio wa miiba. Njia ya kushoto inashuka sokoni, mwendo wa kuchemsha uji. Njia ya kulia inakatiza porini kwenda Gulwe, kwenye reli, kwenye gari la moshi la Dodoma na Zuzu.

Njia ya kushoto haikuwa na mtu.

Njia ya kulia, mbali, kwenye mchongoma wa mwisho, kilionekana kichwa kimoja kilichonyolewa kikienda mbio. Kila hatua ilimpeleka Loisi kwa mama yake wa Zuzu ambaye hayuko Zuzu, na kumwacha nyuma mama huyohuyo, aliye pale sokoni, bado anapumua.

"Loisi!" Ruthu alipiga kelele. "Loisi weee!"

Upepo uliirudisha sauti ileile.

"Anyesi," Bibi akasema mlangoni, saa imo mkononi sasa, "mpigie kengele mlinzi, amtume mtu. Wewe huwezi kuliacha bweni. Unajua sheria ya mshika funguo. Akitoka bila ruhusa harudi."

Anyesi alirudi ndani. Daftari la wageni lilikuwa mezani. Alilifungua mwenyewe kwenye ukurasa wa Ijumaa, akalitazama lile neno moja aliloliandika kwa mkono wake, kwa mwandiko mzuri uliomgharimu miaka miwili ya kusaga. Akafungua kamba ya kiunoni. Akaliweka bunda zima la funguo juu ya neno hilo.

Bibi akafungua mdomo. Rehani akasogea kando.

Anyesi akajifunga kanga kiunoni, akavua viatu vya misheni akaviacha kizingitini, akatoka mbio kufuata njia ya kulia.